Mungu Ana Uso Gani? Miaka Yangu Kando ya Vitanda vya Wagonjwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitarajia kupewa Biblia mpya, au angalau ufunguo wa ofisi. Nilipewa stuli. Ilikuwa stuli ya kawaida ya mkaratusi, ambayo fundi wa hospitali alikuwa ameikata miguu mpaka ikawa fupi kama ile ya kukamulia ng'ombe.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, ya misheni, juu ya mashamba ya chai upande wa Gesima. Aliyenikabidhi stuli alikuwa Mchungaji Mkuu wa hospitali, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye sijawahi kumwona akiharakisha isipokuwa mvua ya mawe ilipomkuta uwanjani.

"Dada Kerubo," akaniuliza, "unajua hii ni ya nini?"

"Ya kukalia, Mchungaji."

"Ukisimama kando ya kitanda, mgonjwa aliyelala chali anaona nini?"

"Ananiona mimi."

"Anaona matundu ya pua yako. Tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyemweleza siri yake mtu anayemtazama matundu ya pua. Kaa chini, uso wako uwe usawa na wake. Mengine nitakufundisha baadaye."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya ushauri wa kiroho hospitalini. Vijana wengi huniuliza kazi hiyo ni nini hasa, kwa hiyo nitaeleza kwa urahisi. Daktari hushughulika na ugonjwa. Muuguzi hushughulika na dawa, vidonda, chakula, usafi na hasira za jamaa. Sisi tulishughulika na kile kinachobaki mgonjwa anapogeukia ukutani.

Chombo chetu cha kwanza kiliitwa kusikiliza kwa kurudisha. Mgonjwa akisema jambo, unamrudishia maneno yake kwa upole bila kuyatia chumvi, ili ayasikie mwenyewe. Akisema, "Nimechoka na Mungu," humjibu, "Usiseme hivyo, mama." Unamwambia, "Umechoka na Mungu," halafu unanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikonitoa jasho. Nimezaliwa katika nyumba ya waongeaji. Kwetu mtu akinyamaza tulimpima homa.

Chombo cha pili Mchungaji Mkuu alikiita swali la uso, na ndicho nitakachokieleza zaidi, maana ndicho kilichonishika maisha yangu yote. Alitufundisha kwamba kila Mkristo ana Mungu wa darasani na Mungu wa tumboni. Wa darasani tunamjua kutoka masomo ya Sabato asubuhi: ni mwingi wa huruma, si mwepesi wa hasira. Mwulize mtu yeyote akiwa mzima, atakutajia huyo. Mungu wa tumboni hujitokeza mtu akiwa na homa, au amefiwa, au anasubiri majibu ya vipimo. Huyo hakuchorwa na mahubiri. Alichorwa na watu waliotulea, waliotuacha na waliotuumiza, wakati ambapo hatukuwa bado tunajua kusoma.

Basi, ukishakaa na mgonjwa siku kadhaa, naye amekuzoea, unamwuliza taratibu: "Sasa hivi, ukiwa hapa kitandani, Mungu anakutazama na uso gani?" Sheria zilikuwa mbili. Usiulize siku ya kwanza. Na jibu lolote utakalopewa, usilisahihishe siku hiyo.

Nakumbuka mama mmoja wa Gesima, mkulima wa chai, aliyenijibu bila kusita: "Ni karani wa kituo." Nyinyi mliokulia mjini huenda hamjui. Mkulima akifika kituo cha kununulia chai, anamwaga majani yake, na karani anayageuzageuza kwa mkono akitafuta jani gumu au kijiti. Akiona mengi, anakwambia uyachambue upya huku foleni nzima inatazama. "Anageuza majani yangu," yule mama akasema. "Kila siku anatafuta lile jani gumu. Na kila siku analipata." Mama huyu alikuwa shemasi wa kanisa, anajua mafungu mengi kwa kichwa. Lakini alilelewa na shangazi ambaye hakuwahi kumwambia umefanya vyema, hata mara moja, na shangazi huyo ndiye aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha enzi.

Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimrudishia: "Anatafuta jani gumu." Siku nyingine nikamwuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kupokea kikapu chake bila kukigeuza. Akafikiri, akacheka kidogo, akamtaja marehemu mume wake. Tulianzia hapo. Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani aliniambia amesali asubuhi hiyo bila kuomba msamaha wa kitu chochote, na alijisikia kama mtu aliyevua viatu.

Lazima niseme pia kwamba si kila kidonda kilitokana na baba au shangazi aliyekuwa mkali tu. Wengine walifanyiwa ubaya wa kweli. Palikuwa na binti ambaye baba yake alimvunja mkono kwa makusudi, na mimi, nikitaka kumfariji, nilimweleza Mchungaji Mkuu kwamba nitamsaidia binti aone baba alimpenda kwa namna yake. Tulikuwa tukitembea kwenda wodini; mzee alisimama katikati ya njia.

"Usimpake yule mtu chokaa ili Mungu apendeze, dada. Mungu hahitaji kutetewa kwa uongo. Mwambie alilotendewa ni ovu, na kwamba Mungu aliliona ovu kabla yake."

Nimefundisha maneno hayo kwa kila kizazi cha washauri waliopita mikononi mwangu. Binti yule leo ni mwalimu, na sala zake ni fupi na zenye nguvu.

Baada ya miaka mingi pale mlimani nilihamishiwa hospitali kubwa zaidi Nyamira. Huko hapakuwa na Mchungaji Mkuu. Niliwekwa chini ya Metroni, yaani mkuu wa wauguzi wote, mwanamke mfupi, mwenye saa kifuani, aliyetembea kama mtu aliyetumwa na mfalme. Alinitazama, akaitazama stuli.

"Hiyo nayo ni kifaa cha kazi?"

"Ndiyo, Metroni."

"Ikiziba njia ya toroli ya dawa, nitaichoma kuni."

Tuliishi hivyo kwa muda mrefu, yeye akinihesabu mimi kama fanicha inayosali. Aliyebadilisha mambo alikuwa mgonjwa mmoja wa wodi ya wanaume, na habari zake nazieleza kwa ruhusa yake. Mshauri hatoi siri ya mgonjwa hata kwa mume wake, lakini huyu nilimwomba ruhusa, akanijibu, "Ieleze, mama, huenda mwingine amelala kama nilivyolala mimi."

Jina lake Momanyi, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Nyansiongo, mtu wa miaka thelathini na kitu, mzee wa kanisa licha ya ujana wake. Pikipiki iliyobeba mitungi ya maziwa iliteleza naye kwenye barabara ya udongo, ukavunjika mfupa wa paja, ule mkubwa kuliko yote mwilini. Mguu wake ulikuwa umevutwa kwa kamba, na uzito umetundikwa mwisho wa kitanda. Kazi ya uzito ule ni kuzuia vipande vya mfupa visipandane. Daktari alieleza wazi: apelekwe Kisii, alazwe kwa dawa ya usingizi, atiwe chuma ndani ya mfupa, na atatembea. Akichelewa, mfupa utaungana vibaya na mguu utakuwa mfupi na uliopinda maisha yake yote. Kwa mfugaji wa vilima vya Borabu, kwao Nyansiongo, mwenye mke na watoto wadogo, huo ni mwisho wa kazi.

Momanyi alikataa. Hakugomba, hakutoa sababu. Alisema tu, "Siendi kulazwa usingizi." Mke wake, Bosibori, alilia mpaka akaishiwa machozi. Wazee wenzake wa kanisa walifika Ijumaa mchana wamevaa makoti, wakazunguka kitanda, mmoja akaomba kwa bidii: "Baba, ingia katika chumba hiki. Simama kando ya kitanda hiki." Momanyi akajifunika blanketi mpaka kichwani.

Wazee walipoondoka, Metroni alinivuta pembeni.

"Kerubo, watu wako wakimwombea huyu, mapigo ya moyo yanapanda."

"Yanapanda?"

"Nilikuwa nimemshika mkono. Sala ilipoanza akawa kama mtu anayekimbizwa na fahali. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimeona sala zikiwatuliza watu, nimeona zikiwalaza. Sijaona zikimtisha mtu hivi." Akaisogeza stuli kwa mguu kunielekea. "Haya. Fanya kazi yako."

Nilikuwa nimekaa naye siku kadhaa tayari, kwa hiyo kesho yake nilimwuliza lile swali. Aligeukia ukutani.

"Hana uso," akasema. "Naona miguu tu. Buti za mvua zenye matope. Zimesimama hapo chini ya kitanda."

"Buti zimesimama chini ya kitanda."

"Mama, hayo mengine siwezi kukueleza wewe."

Hapo ndipo nilipotambua kwamba elimu yangu yote ilikuwa imefika ukingoni. Maana mimi na mama yake mzazi tulikuwa rika moja. Kwetu Abagusii kuna heshima tunayoiita chinsoni, nayo husimama kama ua kati ya wazazi na watoto. Mtoto akishakua, kuna mambo hayatajwi mbele ya baba wala mama wala mtu yeyote wa rika lao: mambo ya kitanda, ya mwili, ya machozi. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Akimhitaji humwita akiwa nje. Heshima hii ni nzuri, imetunza nyumba nyingi. Lakini ua huo hauwazuii mababu. Kati ya bibi na mjukuu utani ni ruksa, na hakuna neno lisilosemeka. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na mjukuu humtania bibi kwamba amezeeka atamwacha aoe mwingine.

Nikamwuliza Bosibori, "Huyu ana bibi aliye hai?"

"Yupo Nyansiongo. Mama wa marehemu baba mkwe. Mdomo wake bado una meno yote."

"Mlete."

Magokoro, yaani bibi, alifika kesho yake asubuhi ameshikiliwa na wajukuu wawili, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Sauti yake ilitangulia kuingia.

"Yuko wapi mume wangu? Nimeambiwa ameanguka na maziwa kama gunia la viazi!"

Wodi nzima ikageuka. Momanyi akajaribu kujificha, lakini kamba ya mguu ilimzuia.

"Na huyu ni mwanamke gani anayekaa karibu na mume wangu?"

"Ni mshauri, magokoro," nikamwambia.

"Mshauri! Siku hizi ndivyo wanavyoitwa?"

Mzee wa kitanda cha tatu alicheka mpaka akashika mshono wake. Mimi nilimpisha magokoro kwenye stuli, Metroni mwenyewe akavuta pazia, nami nikakaa upande wa pili nikiwapa kisogo, kwa sababu Momanyi aliniomba nisiondoke lakini nisimtazame. Walizungumza Kigusii; ninawaandikia kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Alimweleza bibi yake jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mkewe. Alikuwa kijana aliyetoka tu kuoa. Alikwenda na mdogo wake, Ogeto, kunywesha ng'ombe kwenye lambo, bwawa la zamani lililobaki tangu enzi za masetla wa Kizungu. Ndama mmoja akakimbilia shamba la mahindi la watu, Momanyi akamfuata. Aliporudi, Ogeto hakuwa ukingoni. Walimtoa majini jioni. Kesho yake, watu wakiwa wamejaa uani, Momanyi alijifungia nyumbani kwake akalala kifudifudi, macho yakitazama sakafu. Mlango ukafunguka. Akaona buti za baba yake zikivuka kizingiti, zikaja mpaka miguuni pa kitanda, zikasimama. Baba hakusema neno. Kisha buti zikageuka zikatoka.

"Baba haingii nyumba ya mwanawe, magokoro. Yeye aliingia. Aliingia kunitazama kama mtu anayetazama muuaji. Na tangu siku ile mpaka alipokufa hakuwahi kulitaja jina la Ogeto mbele yangu. Kanisani wakisema Mungu ni Baba, mimi naona buti. Wakisema ingia, nasema moyoni, usiingie. Sasa mnataka nifumbe macho kwa dawa. Nikifumba, nitamkuta amesimama hapo, na safari hii atasema."

Nilingojea utani wa bibi. Haukuja.

"Mimi ndiye niliyekuwa na Ogeto siku ile," magokoro akasema hatimaye. "Nilikuwa nimepakata kichwa chake. Baba yako akaja akainama hapa sikioni. Akasema, 'Mama, Momanyi hajatoka nje tangu jana. Nenda ukamwone.' Nikamwambia, 'Nitamweka wapi huyu?' Akasema, 'Mama, tafadhali, wasiwe wawili.' Nilishindwa kuinuka, mume wangu. Miguu ilikataa. Basi akaenda mwenyewe."

"Alikuja kufanya nini?"

"Kuangalia kama unapumua."

Magokoro akaendelea.

"Alirudi akakaa juu ya kuni. Akaniambia, 'Anapumua. Mgongo unapanda na kushuka. Anapumua, mama.' Halafu akaanza kulia kwa lile lingine, kwamba ameingia nyumba ya mtoto, ameonekana na watu, atawatazamaje wazee."

"Mbona hakuniambia?"

"Angekuambia vipi? Asimame mbele yako aseme, niliingia chumbani kwako nikatazama mgongo wako? Aibu ile ilimfunga mdomo mpaka akaingia nayo kaburini."

"Na wewe, magokoro? Miaka yote hii?"

"Mimi nilijua unajua! Ulikuwa macho au hukuwa macho?"

Nikasikia sauti ambayo sikuitambua, kisha nikatambua kwamba ni mtu mzima aliyekuwa akilia bila kujizuia. Bibi alimwacha. Baadaye akasema, "Lia, lia. Lakini usilowanishe blanketi, yule mfupi mwenye saa atatufukuza sote." Nikamwona Metroni kwenye mwanya wa pazia akijifuta macho kwa kona ya aproni.

Mara nyingi washauri wapya huniuliza nilimhubiria nini baada ya hapo. Sikuhubiri. Jioni nilikaa naye, naye akaanza, "Kwa hiyo Mungu naye, mama..." akaishia hapo. Mshauri hamalizii mgonjwa sentensi. Nilikuwa na mahubiri mazuri sana tayari mdomoni, juu ya Baba aliyevua enzi yake na kuvuka kizingiti cha dunia, akakubali kuonekana zizini na msalabani, ili aone kama bado tunapumua. Nikayameza. Alihitaji kuyafikia kwa mguu wake mwenyewe.

Kesho yake wazee wa kanisa walirudi, safari hii kwa mashaka. Metroni akawapokea mlangoni. "Ombeni," akawaamuru, "lakini polepole." Akakaa kwenye stuli yangu, akashika mkono wa Momanyi, macho kwenye saa yake. Mzee akaomba, "Baba, ingia hapa." Sisi sote hatukuwa tunaomba, tulikuwa tunamtazama Metroni. Aliendelea kuhesabu mpaka amina.

"Yametulia," akasema.

Momanyi akamwuliza, "Gari la Kisii linaondoka lini?"

Niliandamana naye Kisii. Bado aliogopa, sitaki mdhani hofu ya miaka mingi huondoka kama vumbi la viatu. Mlangoni pa chumba cha upasuaji alinishika kidole kama mtoto. Upasuaji ulikwenda vizuri, na alipozinduka nilikuwa wa kwanza kumwinamia. Alitazama huku na huku, kisha akatazama chini ya kitanda.

"Umemwona mtu?" nikamwuliza.

"Nililala, mama," akasema kwa mshangao. "Nililala tu."

Nilikwenda ukumbini nikaimba. Bawabu alidhani nimefiwa.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa hukohuko Kisii, kufundisha washauri wapya. Nilikuwa chini ya Mratibu wa huduma za ushauri, kijana msomi, mkarimu, aliyependa kila jambo liwe na mtaala. Nilimweleza nataka kuanzisha zamu ya wazee: mababu na mabibi wa kujitolea, waliofunzwa kutunza siri, watakaokaa na wagonjwa ambao sisi wa rika la wazazi hatuwezi kuwafungua.

"Mama Kerubo, hii iko katika mtaala upi?"

"Ule uliokuwepo kabla ya shule."

Alicheka, akatia sahihi. Zamu ile ilistawi. Hata mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa mjini, aliyekuwa akimuuguza baba yake, aliomba tuwafundishe wazee wa msikiti wao namna ya kukaa na kusikiliza, tukawafundisha kwa furaha. Niliwasisitizia wanafunzi wangu jambo moja zaidi: rufaa, yaani kumpeleka mgonjwa kwa mtaalamu mwingine, si kushindwa. Mtu asiyelala wiki nzima, anayesikia sauti, au anayesema heri afe, anamhitaji daktari wa akili. Kaa naye, omba naye, na umsindikize kwa daktari siku hiyohiyo.

Sasa nimestaafu. Nina migomba yangu, nina chai kidogo, na magoti yanayotabiri mvua. Vijana wakinitembelea huuliza kama imani haikupungua kwa kusikia maumivu mengi hivyo. Ninawajibu kwamba ilinenepa. Nimewaona watu waliomkimbia Mungu miaka mingi wakigundua kwamba waliyekuwa wakimkimbia hakuwa yeye. Kama wewe unayesoma unatetemeka ukisikia jina lake, usijilaumu kwamba huna imani. Jiulize kwa upole uso unaouona ni wa nani, na umtafute mtu wa kukaa naye chini mkauangalie pamoja. Mungu hatakasirika ukimwambia kwamba unamwogopa. Amesubiri uanzie hapo.

Sabato ya kwanza baada ya kustaafu, Momanyi alinialika kanisani kwao Nyansiongo. Bosibori alinipokea langoni akaninong'oneza kwamba kwa miaka yote mumewe alikuwa akiomba hadharani kwa kusema Mwenyezi, au Muumba, na kwamba leo amepewa sala kuu. Kanisa lilijaa. Magokoro alikuwa benchi la mbele, amefunga kitambaa kipya, na nilipoketi kando yake akanipima kwa jicho: "Wewe bado unamfuata mume wangu?"

Momanyi aliinuka kutoka nyuma. Alitembea kati ya mabenchi bila fimbo, mguu ule na mguu huu, sawasawa, viatu vyake vikigonga saruji, na kila mtu aliyemwona amefungwa kwenye kamba kule Nyamira aligeuka kumtazama. Akafika mbele. Wengine wote waliinamisha vichwa. Yeye aliinua uso.

"Baba," akasema.

Akasimama hapo. Neno la pili halikutoka. Nikaona Bosibori ameshika ukingo wa benchi. Kanisa lote likangoja.

"Endelea, mume wangu!" magokoro akapaza sauti. "Anasikia!"

Kanisa likaangua kicheko, mchungaji pamoja nao, na Momanyi akacheka huku machozi yakimshuka, akajifuta kwa mkono wa koti, akaendelea kuomba. Aliomba kwa muda mrefu sana. Hakuna aliyemwambia afupishe.